Kwaya saba zilimzika kwa nyimbo zake, kanda haikuwa na jina lake



Mwalimu wetu wa kwaya tulimzika Kwamndolwa, hapo Korogwe, Jumamosi moja ya mvua za vuli, mvua ile inayonyesha robo saa, inakata, halafu inarudi watu wakishakunja miavuli. Jina lake silitaji leo. Mjane wake amenikataza, na sababu aliyonipa nitaieleza huko mbele, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Kwaya zilizokuja zilikuwa saba. Yetu ya nyumbani, mbili za Korogwe mjini, moja ya Mombo, mbili za Handeni zilizokodi Fuso moja, na moja kutoka upande wa Muheza iliyofika imechelewa, sare za zambarau zimelowa hadi magotini. Hakuna aliyezialika. Habari zilikwenda kwa simu, walimu wa kwaya wakaambiana, wakaja. Padri akasema kila kwaya itapewa wimbo mmoja kabla ya ibada, kwa sababu muda ulikuwa mdogo na kaburi lilikuwa linajaa maji.

Ya kwanza ikaimba. Ya pili ikaimba. Ya tatu ilipoanza, mzee mmoja wa kanisa aliyekaa karibu yangu chini ya turubai akaninong'oneza, "Na huu nao ni wake." Ilipofika ya tano nilikuwa nimeinamisha kichwa. Hawakuwa wamepanga. Kila kwaya ilichagua wimbo wake mzuri wa msiba, na kila wimbo ulikuwa umetoka kwenye madaftari ya mtu aliyelala ndani ya jeneza mbele yao.

Baada ya maziko nilimfuata kijana aliyeongoza moja ya zile za Handeni. Nikampongeza, maana sauti ya nne yao ilikuwa imetulia kama inavyotakiwa, kisha nikamwuliza wimbo ule waliupata wapi.

"Huo ni wa zamani sana, baba," akasema. "Hauna mwenyewe. Sisi tuliukuta."

Alikuwa amekuja kumzika mwalimu mwenzake kwa heshima ya kazi, akamwimbia marehemu wimbo wa marehemu mwenyewe, bila kujua. Nilipomwambia alishika kichwa. Akatafuta tofali, akakaa.

Sasa na mimi niseme langu. Huyo kijana hana kosa. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni miye ninayeandika safu hii.

Wakati kanda zilipokuwa bado zinauzwa, kwaya yetu ilichanga, ikauza mahindi, ikaomba kwa wahisani, ikaenda Dar es Salaam kurekodi. Tulilala kwa waumini, watu sita chumba kimoja, tukarekodi siku mbili. Nyimbo zilikuwa kumi. Nane zilikuwa za mwalimu: maneno yake, sauti zake zote nne, hadi mahali pa kuvuta pumzi alikuwa amepaweka alama kwa penseli. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya, na maneno ya kwenye jalada niliyaandika kwa mkono wangu. Niliandika jina la kwaya. Nikaandika namba ya simu ya mwenyekiti. Nikawashukuru wahisani, mpiga kinanda, mama aliyetupikia, hata dereva aliyetupeleka. Palipoandikwa "Mtunzi" nikaweka neno moja: Kwaya.

Kanda zilipofika Korogwe mwalimu alipewa yake moja. Akaigeuza, akasoma jalada lote taratibu kama alivyokuwa akisoma kila kitu. Akasema, "Sawa tu. Sifa ni za Mungu."

Tuliyachukua maneno hayo kama ruhusa. Nimeyafikiri sana tangu siku ya maziko, na leo nayaona tofauti. Mtu anaposema juu ya kazi yake mwenyewe kwamba sifa ni za Mungu, huo ni unyenyekevu. Wenzake wakiyasema kwa niaba yake, huku majina ya wahisani na ya dereva wakiyaacha palepale kwenye jalada, hapo kuna kitu kingine, na mimi sioni neno la heshima la kukiita.

Usiku ule wa maziko nilifungua kitabu cha Mhubiri, sura ya tisa, kuanzia aya ya 13. Msomaji wangu unaikumbuka habari yenyewe. Palikuwa na mji mdogo wenye watu wachache, ukazingirwa na mfalme mkubwa. Ndani ya mji alikuwamo maskini mmoja mwenye akili, naye akauokoa kwa hekima yake. Mji ukapona. Maskini yule hakuna aliyemkumbuka. Mhubiri hamtaji jina, na kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu hadithi yenyewe ni ya mfano. Siku hizi nadhani hakumtaja kwa sababu alipouliza, watu walimjibu kama alivyonijibu yule kijana: tuliukuta mji umepona.

Maskini huyo mimi namfahamu kwa jina moja, na wewe unaimba kazi yake. Watoto wa shule pale Kwamndolwa wanaiimba mistarini asubuhi, miguu ikiwa na umande. Wabunge wanaiimba Dodoma. Timu ya Taifa inaiimba mkono ukiwa kifuani. Aliyeitunga anaitwa Enoch Sontonga.

Nimewauliza watu kumi hivi wiki hii, wakiwamo walimu wawili, ni nani aliyetunga wimbo wetu wa Taifa. Mmoja alisema Mwalimu Nyerere. Mwingine alisema Wazungu. Mtu mmoja tu alijua kwamba ulitoka Afrika Kusini, na jina la mtunzi hakulijua.

Sontonga alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, katika eneo ambalo sasa ni Rasi ya Mashariki. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha misheni kilichotoa wasomi wengi wa Kiafrika wa zama zile, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, wakati machimbo ya dhahabu yalipokuwa yakivuta vijana kutoka kila pembe ya kusini mwa Afrika. Alikuwa mwalimu wa shule, mwalimu wa kwaya, mhubiri asiye na daraja la uchungaji, na pia mpiga picha. Watu wa namna hiyo tunao kila parokia: mtu mmoja anafanya kazi nne na posho yake ni ya kazi moja, kama ipo.

Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Alikuwa kijana wa miaka 24 hivi. Aliuandika kwa herufi za sol-fa, zile d, r, m ambazo kila mwalimu wa kwaya wa kijijini kwetu anazijua, ubeti mmoja na kiitikio chake, kwa Kixhosa. Wapo wajuzi wa muziki wanaosema sauti yake ina undugu na tenzi fulani ya Mwelshi mmoja, Joseph Parry. Inawezekana. Mtunzi wa kanisani huimba alicholelewa nacho, na ng'ombe wa zizi moja hufanana. Lakini watu hawakulia kwa ajili ya tenzi ile ya Parry kama walivyolia kwa huu.

Hadharani uliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Boweni, Mwafrika wa kanisa la Kimethodisti. Wimbo ambao leo mizinga inapigwa baada yake ulianzia pale: ibada, mtu anapiga magoti, kwaya ya wanafunzi imesimama pembeni.

Sontonga alifariki Johannesburg tarehe 18 Aprili 1905. Alikuwa na miaka 32 hivi. Aliacha mjane, Diana, na mtoto mmoja wa kiume. Nyimbo zake nyingine zilikuwa kwenye daftari, na husimuliwa kwamba walimu wa kwaya walikuwa wakienda kwa mjane kuliazima, wananakili wanachotaka, wanarudisha, hadi siku moja daftari likapotea. Husimuliwa pia kwamba haki za wimbo ule mkuu Diana aliziuza kwa peni sita za Kiingereza. Diana mwenyewe alifariki mwaka 1929.

Nilipofika hapo kwenye habari ya daftari nilisimama, nikatoka nje nikapunga upepo. Utajua kwa nini.

Waliomwenzi Sontonga kwanza walikuwa wanamuziki na waandishi, miaka mingi kabla ya serikali yoyote. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, wimbo wake uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Reuben Caluza na kwaya yake ya shule ya Ohlange waliuzungusha kwenye matamasha Johannesburg. Sol Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, alipokuwa London aliingia studio tarehe 16 Oktoba 1923 akaurekodi kwa sauti yake, binti mmoja wa ukoo wa Colenso akimpigia piano. Mwaka 1927 mshairi Mqhayi aliuongezea beti saba. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, huyu koo lake, yule kalamu yake. Wimbo ukatembea. Ukavuka mto Limpopo, ukavuka Zambezi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ulikuwa tayari unajulikana, na kwa Kiswahili ukawa wimbo wetu wa Taifa. Zambia ilichukua sauti ileile mwaka 1964 ikaitilia maneno yake. Zimbabwe nayo iliuimba kuanzia uhuru wake mwaka 1980 hadi 1994, mwaka ambao Afrika Kusini yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaruhusiwa kuuimba bila woga.

Wimbo ulikuwa unapigiwa saluti na marais, na kaburi la mtunzi halijulikani lilipo.

Lilikuja kupatikana miaka ya 1990, katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, sehemu waliyotengewa Wakristo Waafrika. Na unajua lilichelewa kwa nini? Watafutaji walipekua vitabu vya makaburi kwa jina la Sontonga, jina la ukoo, kama ambavyo mtu yeyote angetafuta. Mwandishi wa kitabu kile, siku ile ya mwaka 1905, alikuwa ameandika "Enoch" basi. Mwafrika alitosha jina moja. Karani mmoja, jina nusu, na taifa zima likapoteza miaka 90 kumtafuta mtu wake.

Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi, Rais Nelson Mandela alizindua mnara pale makaburini, mahali pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mtunzi akatunukiwa nishani ya dhahabu ya utumishi uliotukuka. Mjukuu wake ndiye aliyeipokea.

Nafurahi kwa nishani ile. Lakini mimi ni karani mwenzake yule wa Braamfontein. Yeye aliandika nusu ya jina, mimi sikuandika kabisa.

Wapo ndugu watakaonijibu kwamba kanisani mambo ya kutaja majina ni kutafuta utukufu wa wanadamu. Nimesikia hoja hiyo kwenye vikao, na niliwahi kuitoa mwenyewe. Basi tufungue Zaburi. Ya 50 ina jina la Asafu juu yake, na kuanzia ya 73 mpaka ya 83 zote ni zake. Wana wa Kora wana zao. Ya 88 ni ya Hemani, ya 89 ni ya Ethani, ya 90 imeandikwa jina la Musa. Habakuki anamaliza sura yake ya tatu kwa kumwachia maagizo kiongozi wa waimbaji kuhusu vinanda. Hawa ni watu waliotunga kwa uvuvio, na Maandiko hayakuona vibaya kuwataja. Zipo pia zaburi zisizo na jina, na zile nazo ni Neno la Mungu. Ila sijaona mahali ambapo jina lilikuwapo, katibu wa kwaya akalifuta akaandika "Kwaya ya Hekaluni".

Daudi naye, Sauli na Yonathani walipouawa, alitunga maombolezo. Tunayakumbuka machozi yake na tunasahau alichofanya baada ya machozi. Ukisoma 2 Samweli 1, aya ya 18, aliagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo ule, nao ukaandikwa kitabuni. Wamo ndani yake kwa majina, hata Sauli aliyekuwa akimwinda.

Niende kidogo nje ya kanisa, padri wangu atanisamehe. Marijani Rajab alikuwa Mwislamu, na safu hii ni ya Jumapili, lakini huwezi kuzungumza habari hizi Tanzania ukamruka. Watu walimwita Jabali la Muziki. Aliimba na Safari Trippers, kisha Dar International, na nyimbo alizotunga zinapigwa redioni hadi leo, hasa wiki za mwisho wa mwaka watu wanapokumbuka ujana wao. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda za muziki apate riziki. Alifariki Machi 1995. Kwa zama zake, bendi ilirekodi Radio Tanzania, ikapata malipo kidogo, wimbo ukabaki maktaba ya redio na mtunzi akarudi ukumbini kupiga tena usiku huohuo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliipata mwaka 1999, yeye akiwa kaburini miaka minne. Siku ya msiba wa mwanamuziki wa Kitanzania utaona wenzake wote wamefika, waliokosana naye na waliomwibia mpiga gitaa, na ukweli ni kwamba wanalia kweli. Sijawahi kudharau machozi hayo. Ninachojiuliza ni nani kati yao alikwenda kununua kanda kwenye kile kibanda.

Kuna mmoja aliyepata bahati ya pekee. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kuimba na Orchestra Makassy, akaja kuwa Dokta wetu wa Super Matimila, na miaka ya mwisho akamwimbia Mungu. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Ukipanda daladala la Sinza utasikia kondakta anaita kituo, "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" Hapo hakuna mnara, na hakuna kamati iliyokaa kupitisha. Watu wenyewe walisema anapokaa Remmy ni kwa Remmy.

Huku kwetu Uzigua na Bonde ndivyo tulivyozoea kuita mahali. Hesabu mwenyewe vijiji vya Handeni na Korogwe vinavyoanza na Kwa. Kwamndolwa ni hivyohivyo, kwa Mndolwa, na jina hilo liko hai mpaka leo kwenye koo za Tanga. Mtu aliishi, watu wakamtaja mara nyingi mno, ardhi ikashika jina lake. Watu tunaojua kufanya hivyo kwa mashamba na vichaka, kumbe kwa nyimbo tumeshindwa.

Aya inayonisumbua kuliko zote iko Mathayo 23, kuanzia aya ya 29. Bwana Yesu anawageukia watu wa dini wanaojenga makaburi ya manabii na kuyapamba, na hawasifu kwa ujenzi. Siku ile ya mazishi kwaya yetu ilitoa rambirambi nzuri. Tulinunua jeneza lenye vioo. Mashada yalikuwa manne, moja limeandikwa kwa maua ya karatasi "Mwalimu wetu daima". Mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu, na nilisema kwa sauti kubwa kwamba alikuwa mtunzi hodari. Mjane alikuwa amekaa mkekani hatua tatu kutoka niliposimama. Alinitazama muda wote niliokuwa nasoma.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamweleza nia yangu. Nina safu gazetini, Jumapili hii nitaandika habari za mwalimu, jina lake kamili na picha yake, nchi nzima imjue. Nilidhani atafurahi. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Gazeti, mwanangu? Jumatatu wanafungia vitumbua pale stendi. Wimbo unaimbwa mwaka hadi mwaka. Kwenye wimbo hayumo, gazetini atafanya nini?"

Nikanyamaza.

"Kamwandike huko kwanza," akasema. "Ukishamaliza huko, njoo uchukue picha. Kabla ya hapo usimtaje. Nitakasirika."

Ndiyo maana, mpendwa msomaji, umesoma hadi hapa bila jina.

Kisha akaingia ndani akatoka na kaunta buku nne, jalada jeusi na mgongo mwekundu, zimefungwa kwa utepe wa kanga. Zote zina namba kwa mkono wake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano. Ya nne haipo. Iliazimwa na mwalimu mmoja wa kwaya aliyekuja na pikipiki, miaka kama sita imepita, akasema atairudisha baada ya Pasaka. Mama hamkumbuki sura. Anakumbuka tu kwamba mwalimu alimpa kwa moyo mweupe, na kwamba kwenye buku hilo ndimo ulimo wimbo aliomtungia yeye mwaka walipomzika mtoto wao wa pili. Wimbo huo kwaya yetu haikuwahi kujifunza. Mwalimu alisema haujaiva.

Nikaomba kuzitazama hizo nne. Kurasa za mwanzo zimekula wadudu pembeni. Juu ya kila wimbo ameandika tarehe, ufunguo wa sauti, na mahali alipokuwa: shambani, kituo cha basi, hospitali wodi ya wanaume. Jina lake hakuandika popote. Nafikiri hakuona haja, daftari lilikuwa lake.

Alhamisi kwenye mazoezi tulianza kazi. Kwaya yetu ina nyimbo 46 tunazoimba sasa, na tulipozipitia pamoja na mama na mzee mmoja wa sauti ya tatu aliyekuwapo tangu mwanzo, 31 zilikuwa za mwalimu. Mbili tulibishana. Mzee anasema mwalimu alizirekebisha tu, za asili ni za mtu wa Magila ambaye naye hakuna anayelikumbuka jina lake. Hizo mbili tumeziacha wazi kwanza, mzee ana binamu yake huko atakwenda kumwuliza. Zile 31 tunaziandika upya, jina juu mkono wa kulia, na nakala tunazipeleka kwa kwaya zote sita zilizokuja siku ile. Tumeuliza pia utaratibu wa kuzisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, ili kama kuna shilingi itakayopatikana imfikie mama. Fomu tumepata. Sehemu ya "Mtunzi" safari hii sikuijaza mimi, tulimpa mama kalamu.

Kuhusu lile buku la nne: kama wewe ni mwalimu wa kwaya, Handeni, Korogwe, Muheza, Lushoto au popote ulipohamia, na una kaunta buku nyeusi yenye mgongo mwekundu, imeandikwa sol-fa kwa penseli na namba 4 juu ya jalada, hakuna atakayekuuliza kwa nini umechelewa. Iache kwa padri yeyote wa Korogwe.

Jana jioni simu yangu iliita. Ni yule kijana wa Handeni. Wameshapokea bahasha, wako mazoezini, anataka kuandika jina ubaoni kabla hawajaanza, na mwandiko wangu hausomeki vizuri. Akaniomba nimtajie herufi.

Nikamtajia, moja moja, naye akawa anazirudia kwa sauti na kwaya yake inamsikia.